“Damu haijaganda” au “hakuna donge la damu”?

Swali: Ninawatafsiria wagonjwa majibu ya maabara. Mmoja wao, aliyevimba mguu, alipimwa damu ili ijulikane kama kuna damu iliyoganda mshipani, na majibu yakawa hasi. Je, ni sahihi kuandika “damu haijaganda”?

Jibu: Kisarufi sentensi hiyo haina kosa, lakini nisingeiandika. Kikanushi “haija-” hakisemi tu kwamba jambo halikutokea, bali huacha tarajio kwamba bado litatokea. Asemaye “mvua haijanyesha” huwa anaitazamia. Mgonjwa akisoma “damu haijaganda” ataanza kuhesabu siku. Isitoshe, maabarani “damu imeganda” hutajwa pale sampuli inapoharibika kwa kuganda ndani ya chupa, licha ya sitreti iliyowekwa humo kuizuia, na mtu akalazimika kutolewa damu upya.

Tena “kuganda” ni tendo, na tendo lenyewe ni la afya, kwani bila hilo aliyejikata kwa kisu angeendelea kuvuja damu. Kinachotafutwa mguuni ni kile kilichotokana na tendo hilo mahali pasipostahili, yaani donge la damu. Wapo wasemao “bonge”, nao hawakosei, ingawa mimi huliepuka kwa kuwa siku hizi limeelemewa na maana ya ukubwa, kama katika “bonge la nyumba”. “Kuvilia” ni jambo jingine: ni damu iliyotoka mshipani ikakaa chini ya ngozi, kwa mfano baada ya kugongwa.

Hata hivyo, “hakuna donge la damu” nayo inadai kuliko kipimo chenyewe. Kipimo hicho cha didaima (D-dimer kwa Kiingereza, neno lisilo na udugu wowote na “daima” yetu) hakilioni donge, bali hupima vipande vya fibrini (nyuzi za protini zinazolishikilia donge) vinavyobaki mwili unapolivunja. Vipande hivyo huongezeka pia kwa ujauzito, maambukizi, saratani, upasuaji na uzee, kwa hiyo majibu chanya hayathibitishi donge. Humpeleka mgonjwa kwenye ultrasaundi. Nguvu ya kipimo imo katika majibu hasi, ambayo kwa mtu ambaye daktari amekwisha kumpima na kuona hatari yake si kubwa, huondoa uwezekano wa donge. Ndiyo maana napendelea “kuondoa uwezekano” kuliko “kuthibitisha kuwa hakuna”.

Kwa hiyo andika: “Kiwango cha didaima kiko chini ya kikomo, majibu ni hasi.” Kikomo kinachotumika sana ni nanogramu 500 kwa mililita, na kwa waliozidi miaka 50 madaktari wengi huzidisha umri kwa 10 ili kupata kikomo chao. Kauli ya kuondoa uwezekano mwachie daktari, kwa kuwa yeye ndiye aliyeutazama mguu. Ila usiliache neno “hasi” bila maelezo: aliyezoea kusikia “mtazamo hasi” atadhani ameletewa habari mbaya, kumbe hapa maana yake ni kwamba kilichotafutwa hakikuonekana.