Maswali ya Wasomaji: Shina la waridi la jangwani limelainika

SWALI: Nina waridi la jangwani kwenye chungu cha plastiki. Tangu mvua zianze majani yanageuka manjano na kupukutika, na shina limelainika upande mmoja karibu na udongo. Nalimwagilia kila jioni. Je, maji hayatoshi? Na la jirani, lililooteshwa kwa tawi, mbona halina kitako kinene kama langu?

JIBU: Maji yamezidi. Mti huu (Adenium obesum) ni wa nyika na majabali ya kwetu Afrika Mashariki, na kile kitako ndicho ghala lake la maji. Kiangazi hupukutisha majani, na mara nyingi huchanua ukiwa mtupu, kwa hiyo usihukumu kwa majani. Bonyeza shina. Likinywea kote na ngozi kukunjamana, ni kiu. Likiwa teketeke sehemu moja, linaoza.

Ung'oe leo hii, ukung'ute udongo wote. Kata sehemu iliyooza kwa kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti, na ukipanguse tena kila baada ya mkato, mpaka ufikie nyama nyeupe isiyo na doa la kahawia. Hapa ndipo wengi wanapouonea mti huruma. Doa dogo likibaki, uozo utaendelea. Paka unga wa salfa, kisha uuning'inize kivulini penye hewa siku 7 hadi 14, kidonda kikauke kabisa.

Vaa glavu muda wote. Utomvu wake ni sumu kali, umewahi kupakwa kwenye mishale ya wawindaji. Usiguse macho, na mabaki yasiliwe na mbuzi.

Panda upya kwenye chungu chenye matundu: mchanga wa mto sehemu 2, changarawe ndogo 1, mboji 1. Usimwagilie wiki ya kwanza. Baadaye mwagilia pale tu kidole kikizama kwenye udongo na kutoka kikavu. Mvua zikikaza, uweke chini ya paa, ila upate jua.

Kuhusu la jirani: tawi hutoa mizizi ya kawaida na huchukua miaka kunenepa, tena si kama mche wa mbegu. Akitaka kitako, aoteshe mbegu mpya. Maganda hutoka mawili mawili kama pembe. Ayafunge uzi kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo huipeperusha.