Wasomaji Wanauliza: Betri Ikizimika, Mlango Utafunguka?

SWALI: Ndugu Mhariri, mume wangu amenunua gari la umeme ambalo ndani halina mkono wa kuvuta mlango, ila kitufe, na kwa nje vishikio hujificha kwenye bodi. Juzi tulilikuta limezimika na vishikio havikutokea kabisa. Je, hali hiyo ikitukuta tukiwa ndani tutatokaje, hasa watoto wanaokaa nyuma?
Mama wa watoto wawili

JIBU: Dada msomaji, inaelekea kilichowagomea si betri kubwa inayoendesha gari, bali ile ndogo, kwa kawaida ya volti 12, inayolisha taa, kompyuta na vitasa. Ukibonyeza kitufe, mkono wako hauvuti chuma chochote. Unatuma ishara tu, kisha mota iliyomo ndani ya mlango ndiyo inayoachia komeo. Betri hiyo ikiisha nguvu, au ajali ikikata nyaya, mota hukosa umeme hata kama betri kubwa imejaa.

Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka pia wenzo wa dharura, unaovuta komeo kwa kebo bila umeme. Ninacholalamikia mimi ni mahali unapowekwa. Katika Tesla Model Y, kwa mfano, wenzo wa mbele uko karibu na swichi za vioo, na abiria wageni huuvuta hata bila kukusudia. Lakini wa nyuma, kwa magari yaliyo nao (maana si yote), hupatikana baada ya kuondoa mkeka ulio chini ya mfuko wa mlango, kubonyeza kipande chekundu ili kifuniko kitoke, ndipo uvute kebo kuelekea mbele. Mtoto wa miaka sita atayawezaje hayo gizani, gari likiwa limejaa moshi?

Hofu yako si ya bure. Septemba 2025, NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani ya Marekani, ilianza kuchunguza Model Y za 2021 baada ya wazazi kueleza kwamba walishuka, kisha wakashindwa kufungua milango watoto wakiwa ndani. Baadhi yao walivunja vioo. China nayo imeweka kanuni kwamba, kuanzia 2027, aina mpya za magari ziwe na njia ya kufungua mlango bila umeme, ndani na nje.

Leo hii chukueni kitabu cha gari, mtafute wenzo wa kila mlango, na kila anayepanda aushike kwa mkono wake. Mkitaka kuujaribu, shusheni kioo kwanza, kwa kuwa kwenye milango isiyo na fremu kioo hutakiwa kushuka kidogo kabla ya mlango kufunguka, la sivyo kinaweza kuharibika.

Kuhusu nyundo ya kuvunjia kioo, someni kwanza maandishi yaliyo kwenye kona ya kioo chenyewe. Kile cha kawaida cha mlangoni husambaratika kikigongwa karibu na ukingo, ilhali kile cha tabaka mbili zenye plastiki katikati huingia nyufa tu na kubaki palepale. Mwaka 2019 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilijaribu zana sita za namna hiyo, na hakuna hata moja iliyokipenya.

Mkikuta milango ya nyuma haina wenzo, mtoto mkubwa afundishwe kufungua mkanda na kupita katikati ya viti hadi mbele; mdogo atolewe na mtu mzima kwa njia hiyohiyo, na kifaa cha kukatia mkanda kikae mahali dereva anapokifikia akiwa bado amefunga wake.