Gemu la kitufe kimoja linavyojaza watu steshenari kwangu

Mleta mada umeuliza mtu mzima mwenye simu nzuri, na kibanda cha PS (PlayStation) kipo mtaa wa pili, anafuata nini kwenye vigemu vya michezo vya bure vya kwenye brauza, picha zenyewe kama kachora mtoto wa chekechea. Mkuu ngoja nikujibu mimi ninayeviona kila siku. Nina steshenari huku Ngamiani, Tanga, kompyuta nne, na mbili kati ya hizo ukiziwasha unaweza kwenda kupata chai na mhogo ukarudi ukazikuta bado zinajifikiria.

Na hapo ndo jibu la kwanza lilipo ila sio kubwa, hivi vigemu havidownlodiwi, havitaki akaunti, na mashine ya kizamani inavibeba. Sawa. Lakini hiyo inaeleza kwa nini vinafunguka, haielezi kwa nini watu hawaondoki.

Siku moja mtandao unasumbua, watu kama sita wanasubiri kujaza fomu zao, mfumo uko chini, dogo mmoja akafungua Basket Random. Kama hujaiona, ni kikapu cha wawili kwa wawili na kila mchezaji wa kibodi ana kitufe kimoja tu, huyu W, mwenzie mshale wa juu, ukibonyeza watu wako wanaruka na mikono inazunguka ovyo kama nguo kwenye kamba, wa kwanza kufika 5 kashinda. Basi. Kila goli likiingia uwanja unabadilika, mara mpo ufukweni, mara kwenye barafu mnateleza. Ndani ya dakika mbili hakuna aliyekuwa anauliza habari ya fomu, wale waliosimama nyuma ndo walikuwa wanacheza zaidi ya wenye vitufe, "ruka sasa! we mgosi unangoja nini!"

Hapo ndo nikaelewa. Hili ni drafti la kijiweni wakuu. Ubao wa vizibo vya soda wanacheza wawili, ila utamu wote uko kwa wale wanane waliosimama, kwa sababu anayepita na baiskeli akisimama sekunde tano tu keshajua nani kabanwa na keshapata la kusema. PS haina hiyo. Pedi ina vitufe kibao, mgeni anakula 7 bila anatoa jero yake anaenda zake hataki tena, na aliyesimama nyuma kama hajui gemu ananyamaza tu. Huku kwangu mtu anayeshika mauzi mara ya kwanza anamfunga bingwa wa mtaa, bahati nusu ujuzi nusu, na aliyefungwa hawezi kukubali kwamba amefungwa na yule, kwa hiyo anasema "tena". Raundi haizidi dakika mbili, hiyo "tena" haiishi.

Google nao waliweka kriketi mwaka 2017, kubonyeza tu, wanaopiga ni nyenje na wanaodaka ni konokono (kwa Kiingereza mdudu yule na mchezo ule jina moja, utani umeishia hapo). Mimi kriketi sijawahi kuielewa ila ile niliicheza mpaka saa nne usiku.

Sasa mwisho wa 2020 Adobe wakaizima Flash, ile programu iliyokuwa inaendesha gemu za kwenye brauza, na kuanzia Januari 12, 2021 ikagoma kabisa, gemu nyingi za zamani zikawa kiboksi kitupu. Madogo walininunia wiki nzima, "anko umefunga gemu". Baadaye zingine zikarudi zimetengenezwa upya, na mojawapo ni ile QWOP ya Bennett Foddy ya 2008, mbio za mita 100. Q na W zinavuta mapaja, O na P vigimbi. Inasikika rahisi eeh?

Kuna mzee wetu hapa, Coastal Union damu, timu yetu ya mpira hapa Tanga, ukimtajia ubingwa wa ligi wa 1988 hufungi duka mpaka Magharibi. Alikuja kutoa kopi ya kitambulisho akaona vijana wanaanguka anguka, akasema pisheni, mimi shuleni nilikuwa mkimbiaji. Akakaa, akavua miwani, akaivaa tena. Akabonyeza, mguu mmoja ukaenda Pangani mwingine Horohoro, akaanguka chali, kuangalia juu imeandikwa mita hasi. Mzee kakimbia kinyumenyume! Alicheka mwenyewe mpaka kofia ikadondoka. Kesho yake saa mbili kamili yupo mlangoni na hana hata karatasi ya kutoa kopi.

Akaja wiki nzima. Siku ya nne akaanza kulalamika, "mwanangu huyu kijana kigimbi chake kimekufa ganzi", mi nikaona ndo visingizio vya uzeeni, namwitikia tu. Mpaka akaja dada mmoja kuchapa barua ya kazi kwenye mashine ile ile, anachapa haraka haangalii kioo, nikaiprinti, akaisoma akaniangalia. "Namba kazi katika fisi yako."

Herufi O ilikuwa imeshakufa. Nikamrudishia pesa yake, nikamchapia upya mwenyewe, jioni nikanunua kibodi mpya elfu kumi na tano. Mzee kaja asubuhi, "si nilikwambia?", akakaa, akafika mita 6.