Sepetu Kabla ya Kamba: Kwa Madereva Wanaoingia Mbugani Masika

Kijana anayeanza kazi ya kuendesha watalii ameniandikia kuniuliza anunue mnyororo au kamba ya nailoni. Swali lake limenikuta nina furaha, kwani juzi tu nimenasua Land Cruiser iliyozama hadi kwenye difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, katika ukanda wa magharibi wa Serengeti bila mtu kupata hata mchubuko. Jibu langu ni kwamba anunue sepetu kwanza.

Udongo mweusi wa kule ukishalowa hujaa kwenye meno ya tairi mpaka tairi linakosa pa kushika, na kila unapokanyaga mafuta gari linazidi kujizika. Kwa hiyo nilizima injini, nikakagua majani pande zote kwa ajili ya simba, nikamwomba mwenzangu abaki juu na darubini, kisha nikachimba. Nilitoa tope chini ya difu, nikachonga mteremko mbele ya kila tairi, nikapunguza upepo wa tairi hadi karibu PSI 20 kwenye kipimo cha upepo na kutandika mbao. Kazi hii inachosha, lakini tope lililobaki chini ya gari ndilo linalokata kamba.

Gari la msaada lilipofika, dereva wake alikuwa tayari na mnyororo, akitaka kuufunga kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela. Nilimkatalia katakata. Kichwa kile kimetengenezwa kuvuta tela kwa utaratibu, hakikutengenezwa kuhimili mshtuko. Kikikatika huruka kama risasi na kupasua kioo, na huko Australia watu wameshauawa kwa namna hiyo. Tulifunga kamba ya nailoni kwenye kulabu zilizofungwa kwa bolti kwenye chasisi za magari yote mawili, kwa sababu nailoni hunyumbuka na kulivuta gari taratibu, ilhali mnyororo hushtua chuma. Katikati ya kamba tulilaza blanketi zito ili ikikatika isiruke mbali. Wageni wote walisimama pembeni, mbali kupita urefu wa kamba mara moja na nusu, na ndani ya magari walibaki madereva peke yao.

Tajiri mmoja niliyewahi kumfanyia kazi alinifokea mbele ya wageni kwamba ninawapotezea muda kwa kuwasogeza namna hiyo. Maneno yale yananiuma hadi leo, na bado nawasogeza. Ndugu zangu madereva, mgeni hajui hatari ya kamba iliyokaza. Wewe unaijua, basi sema kwa sauti, hata kama bosi amenuna. Usikubali mtu aruke kamba, usikubali anayepiga picha asimame mbele ya gari, wala usiunganishe kamba mbili kwa pingu ya chuma katikati.

Gari likishatoka, jaza upepo kabla ya kushika mwendo, safisha tope kwenye breki, na ikague kamba yote kwa vidole. Ukikuta nyuzi zimekatika, usiitumie tena kuvutia gari.