Kwa nini zikosekane seli B peke yake?

SWALI: Shikamoo Bibi Maabara. Mpwa wangu wa kiume ana miaka miwili. Tangu alipotimiza miezi saba amekuwa akiugua masikio na mapafu, mara kwa mara. Daktari alimmulika kooni, akasema haoni mafindofindo, na vipimo vikaonyesha karibu hana seli B, zile zinazotengeneza kingamwili za kupambana na vijidudu, katika damu. Chanzo ni hitilafu ya jeni iitwayo BTK. Shuleni tulifundishwa kwamba kila seli ina jeni zote. Mbona basi hitilafu imeziacha seli nyingine ikazifuata seli B tu? Na shemeji anadai ugonjwa umetoka upande wetu. Ni kweli?
Mjomba

JIBU: Marahaba, Mjomba. Huyo daktari aliyeanzia kooni nimempenda bila kumwona. Mafindofindo hujaa seli B. Zisipokuwapo, yanabaki madogo mno.

Miaka yote niliyoinamia hadubini, kwa rangi zetu za kawaida sikuweza kutofautisha seli B na seli T, askari wengine wa kinga ya mwili. Zote ni vidoa vya zambarau. Jeni zao zinakaribia kuwa zilezile. Kinachozitenga ni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Hitilafu ya mpwa wako imo hata katika seli za ngozi yake, ila ngozi haina kazi na BTK, kwa hiyo haidhuriki.

Sasa twende kwenye uboho wa mifupa, ambako seli shina huzaa seli zote za damu. Seli changa bado ina njia nyingi mbele yake. Protini iitwayo PU.1 ikiwa nyingi, huisukuma iwe makrofaji, mla vijidudu. Ikiwa kidogo, njia ya seli B hubaki wazi. Hapo protini nyingine, E2A na EBF1, huanza kuwasha jeni za seli B, kisha huja ya tatu, PAX5, ninayemwita komeo. Huyu huendeleza jeni za B na kuzima za njia nyingine, ikiwamo NOTCH1, ambayo seli huihitaji ili iitikie wito wa tezi ya thaimasi na kuwa seli T. Mwaka 1999 watafiti wa Vienna walionyesha kwamba seli changa za panya zisizo na Pax5 bado zinaweza kugeuka seli T au makrofaji. Mwaka 2007 wakaiondoa kwenye seli B zilizokwisha komaa, nazo zikarudi nyuma na kuzaa seli T! Siku niliyosoma hayo chai yangu ilipoa.

Seli za mpwa wako zilivuka komeo hilo salama. Zilikwama mbele kidogo. Seli B changa huunda kwanza nusu ya kingamwili, huitokeza juu ya utando wake, kisha hungoja ishara ya kuendelea. Mojawapo ya wapokezi wa ishara hiyo ndani ya seli ni protini inayotokana na jeni BTK. Ikiwa mbovu, ishara hufifia na seli nyingi hufa hapohapo. Seli T hutumia ndugu yake, ITK, ndiyo maana zimesalimika. Ile miezi ya mwanzo alilindwa na kingamwili za mama yake zilizopitia kondo la nyuma. Sasa atahitaji kuongezewa kingamwili za watu wengine, kwa ratiba, maisha yake yote. Msikose hata mara moja.

Kuhusu shemeji: jeni hii imo kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume hupata X yake kwa mama. Lakini wakati mwingine hitilafu huzuka upya kwa mtoto mwenyewe, kwa hiyo dada yako apimwe kwanza. Wewe, mwanamume uliye mzima, huna hitilafu hiyo, wala huwezi kuwarithisha binti zako.

Ikionekana dada ni mbebaji, yaani ana hitilafu kwenye X moja bila kuugua, mwambie hili. Kila seli yake hutumia X moja tu kati ya mbili. Katika seli T zake utakuta mchanganyiko, baadhi zikitumia X nzima na nyingine X mbovu. Katika seli B utakuta karibu zote zinatumia ile nzima, kwa kuwa zilizochagua mbovu zilikwama ubohoni, palepale zilipokwama za mwanawe.