Maharage yanachelewa kuiva Njombe

Shikamoo Mwalimu. Tumehamia Njombe kutoka Tanga. Huku maharage hayaivi upesi hata nikichochea kuni. Mama anasema ni ya zamani. Kweli? – Mwanafunzi, darasa la saba

Marahaba. Mama ana hoja, maharage ya zamani ni magumu. Lakini Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na huko hewa hukandamiza maji kidogo kuliko pwani. Tanga maji huchemka kwa nyuzijoto 100, kwenu takriban 93 tu. Kuni za ziada hazipandishi joto hilo, zinageuza maji kuwa mvuke upesi zaidi (na kuni si bure!). Roweka maharage usiku kucha, au tumia sufuria ya presha: ndani yake maji hufika karibu 120.