Tairi la trekta linalopungua upepo kidogo kidogo: tafuta chanzo kabla ya kushika mtaimbo

Pancha ya msumari haina shida. Tairi linalala, kila mtu analiona, fundi anaitwa. Linalosumbua ni lile tairi la nyuma ulilojaza Jumatatu, Alhamisi limelegea, unajaza tena, na msimu wa kulima unakwisha hivyo hivyo. Mara nyingi fundi huja, hufungua, huziba tundu aliloliona, na baada ya wiki upepo unapungua upya. Tundu lilizibwa, ila kilichotoboa kiliachwa ndani.

Tuchukue trekta linaloonekana sana mashambani kwetu, Massey Ferguson 385 isiyovuta kwa mbele: saizi ya tairi la nyuma ni 18.4-30, la mbele 7.50-16, yote ya tyubu. Kwenye mashamba ya Kiteto au Hanang adui mkubwa ni mwiba wa mgunga, na huo una tabia zake.

Anza kwa kupima. Tairi la nyuma hufanya kazi na upepo mdogo, PSI (pauni kwa inchi ya mraba) 12 hadi 18 kulingana na mzigo. La mbele hubeba takriban mara mbili ya hapo. Geji ya malori inayosoma mpaka 150 haitakuonyesha tofauti ya PSI 1, kwa hiyo tafuta geji ya upepo mdogo. Pima asubuhi kabla trekta halijatoka. Joto likibadilika nyuzi 10, tairi la PSI 15 hupanda au kushuka karibu PSI 1 bila kuvuja popote. Ukipima saa nane mchana kisha alfajiri, utamwita fundi bure. Tairi lenye maji, yaani lililojazwa maji ili kuongeza uzito, lipimwe valvu ikiwa juu kabisa. Ikiwa chini, uzito wa maji huongeza kama PSI 1 na geji yenyewe hunywa maji.

Jaza, pima, andika namba kwa chaki ubavuni mwa tairi. Liache lilale usiku mmoja, pima. Lipeleke kazini siku nzima, asubuhi ya pili pima tena. Likipungua hata likiwa limesimama, shuku valvu au kiraka cha zamani. Likishika upepo usiku kucha na kupungua linapolima tu, mara nyingi kuna ncha ya mwiba iliyobaki ndani ya mpira wa tairi. Mzigo ukija, tairi linajikunja, ncha inachomoza na kuchoma tyubu. Trekta likisimama, ncha inarudi ndani.

Valvu ndiyo ya kwanza kukaguliwa kwa sababu haigharimu kitu. Mafundi hupaka mate kwenye mdomo wake na wanaona mvujo mkubwa, lakini mvujo mdogo unahitaji sabuni ya maji, sehemu moja kwa maji sehemu kumi. Paka kwa brashi, subiri dakika tano bila kugusa. Usitegemee kuona mapovu makubwa. Utaona povu dogo jeupe linalokua taratibu. Valvu ya tairi la nyuma lililotengenezwa kupokea maji ina sehemu mbili za kuvuja: ile pini ya kati yenye springi, na kishikio kikubwa kinachoibeba, ambacho hufunguka chote maji yanapojazwa. Kishikio kina kimpira cha duara chini yake, na kimpira hicho hukauka na kupasuka. Pini huziba na vumbi. Badilisha pini, ile ya tyubu ya gari dogo kwa kawaida inaingia, na ikaze kwa vidole na ufunguo wake mdogo tu. Ukiikaza kwa nguvu unakata mpira wake na unaanza upya. Kisha weka kifuniko. Trekta nyingi hazina vifuniko, halafu watu wanashangaa vumbi linaingia wapi.

Hapa kuna mtego. Ukiona povu si kwenye mdomo wa valvu bali pale shina lake linapotokea kwenye rimu, usiseme valvu imekufa. Tyubu ikitoboka popote, upepo hutambaa kati ya tyubu na tairi, hutafuta njia, na njia rahisi ni tundu la valvu. Povu la hapo lina maana moja tu: tyubu inavuja, mahali hapajulikani. Sasa ndiyo unafungua.

Tazama pia kama shina limelala upande. Tairi likifanya kazi na upepo kidogo kupita kiasi, rimu huzunguka ndani yake na kuvuta tyubu mpaka shina likang'oka. Mstari mmoja wa rangi uliovuka kutoka rimu hadi tairi utakuonyesha. Mistari ikiachana, rimu inateleza.

Kwa tairi la nyuma si lazima ushushe gurudumu zima. Piga jeki chini ya ekseli, weka gogo imara au stendi, weka kabari magurudumu ya mbele. Chomoa pini ya valvu upepo uishe kabisa. Maji kama yapo yatoe valvu ikiwa chini. Kabla ya kugusa mtaimbo, weka alama ya chaki kwenye tairi mkabala na valvu. Alama hiyo ndiyo itakayokuokoa. Bandua mdomo wa nje wa tairi, ule ukingo unaokaa kwenye rimu, sukuma upande mmoja uingie kwenye bonde la katikati ya rimu ndipo uinue upande wa pili, kisha vuta tyubu. Kumbuka uso upi ulitazama nje.

Jaza tyubu mpaka ichukue umbo tu. Ukiivimbisha kama puto, mpira unavutika na viraka vya zamani vinaachia. Ipitishe kipande kwa kipande kwenye maji ndani ya pipa lililopasuliwa kwa urefu, ukilikunja na shina la valvu. Tundu likipatikana, soma liko wapi. Upande wa nje ni mwiba au msumari. Upande wa ndani, unaokaa kwenye rimu, ni kutu au ukingo mkali wa tundu la valvu: kwangua kwa brashi ya waya, piga tupa, paka rangi. Matundu mawili yanayotazamana ni tyubu iliyong'atwa na mtaimbo wa fundi aliyetangulia.

Sasa laza tyubu juu ya tairi, valvu kwenye alama, na utafute mwiba pale pale. Usipitishe mkono mtupu. Pitisha kitambaa, kitanasa. Ukiuvuta na ukavunjika, usukume kutoka nje kati ya kashata, yale meno ya tairi, hadi utokeze ndani, ushike kwa koleo.

Kiraka kizidi tundu kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Piga msasa mpaka mng'ao uishe, pangusa vumbi, usisafishe kwa petroli yenye mafuta. Paka gundi nyembamba na subiri ikauke hadi mgongo wa kidole usinate. Wengi huharakisha hapo, na ndiyo sababu kiraka hutoka kwa joto. Gandamiza kuanzia katikati kwenda kingo.

Ukirudisha, nyunyiza poda ndani ya tairi, jaza midomo ikae, toa upepo wote, jaza upya. Mara ya kwanza tyubu hukaa na mikunjo, na mkunjo huo hugeuka ufa baada ya miezi. Midomo ikigoma kukaa, usizidishe PSI 35 na usisimame mkabala na ubavu wa tairi. Lipake sabuni, ujaribu tena. Na rimu yenye ufa isichomelewe tairi likiwa bado limefungwa, hata kama halina upepo. Joto huwasha gesi za mpira ndani, na tairi la trekta likilipuka huua.

Kama ulishusha gurudumu, kaza nati zake, fanya kazi saa mbili, kaza tena. Kisha pima upepo.